Vakansi ya Mama Arlette

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Asubuhi ukisimama Lweba, kijiji chetu kando ya ziwa, jua linatokea nyuma yake, upande wa ncha ya Ubwari, na kwa muda mfupi kinakuwa cheusi kama sufuria iliyogeuzwa. Watu wa huku hatukukipa jina. Tunasema Kisiwa, basi. Kiko kimoja.

Bibi yangu, mke wangu Dorothée, alikitazama miaka arobaini na moja. Hakufika.

Mi naitwa Alphonse, lakini hakuna anayeniita hivyo. Ni Baba Arlette. Yeye alikuwa Mama Arlette, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa mtu wa samaki. Mitumbwi ikirudi alfajiri, alikuwa tayari majini mpaka magotini, beseni kichwani. Ndakala, dagaa wa kwetu, alizianika juu ya nyavu, akazigeuza, akafukuza ndege, akazikusanya mvua ikitishia, akazianika tena. Mikeke, samaki wakubwa kidogo, aliibanika kwa moshi. Nguo yake ya kanisa hakuiweka nyumbani kwetu. Aliiweka kwa jirani, ili Jumapili asinuke kazi.

Neno vakansi lilianza siku moja ya mwezi wa saba. Watoto wa école walipita pwani wakiimba, wamefunga shule. Yeye alikuwa anageuza samaki.

"Baba Arlette, hawa batoto banaenda wapi na furaha hivi?"

"Vakansi."

"Bamechoka na nini?"

"Na kusoma."

"Kusoma kunachokesha?"

"Mi nitajulia wapi? Sikusoma."

"Mi nilisoma miaka tatu. Haichokeshe." Akageuza wengine. "Miaka yote hii na moshi, mi sijapata vakansi hata siku moja. Mwenye kuninyima ni nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinyoosha kidole kilichojaa magamba ya samaki, akakionyesha Kisiwa.

"Siku tatu. Pale. Mi na wewe. Bila moshi."

"Tutaenda kufanya nini pale?"

"Kukaa. Nataka nione Lweba vile iko ukiwa mbali. Pengine ni muzuri. Sisi hatujue, tuko ndani yake."

Tangu siku ile alipanga. Na kupanga safari ile si kitu cha mchezo, maana kwetu safari ya ziwa inapangwa na mwezi.

Nieleze. Ndakala zinavuliwa kwa taa. Usiku wa giza taa inaziita, zinakuja. Mwezi ukijaa, taa haina nguvu, ndakala zinatawanyika, na wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu karibu wiki nzima. Wanashona nyavu, wanalala. Hizo tunaziita siku za mwezi. Ndizo siku mtumbwi unapatikana wa kupeleka mtu mahali, na ndizo siku mwanamke wa samaki hana samaki wa kuanika. Siku za giza, hata mama yako mzazi akiomba umpeleke ng'ambo, utamwambia angoje.

Tena si kila mwezi. Kiangazi upepo wa kusini unapiga mawimbi makubwa. Mvua zikianza, dhoruba zinashuka milimani bila salamu. Katikati kuna mwezi wa tisa. Upepo umechoka, mvua haijaamka. Mwezi ukijaa wakati huo, huo ndio mlango. Mara moja kwa mwaka.

Sasa shida iko hapa. Siku za mwezi wanaume wote wako nyumbani. Kwa hiyo kila mtu mwenye jambo analiweka siku hizo. Harusi, siku za mwezi. Kumaliza kilio, siku za mwezi. Mkutano wa kanisa, siku za mwezi. Na Mama Arlette ndiye aliyejua kupika chakula cha watu mia mbili bila kuunguza.

Mwaka wa kwanza, harusi ya Eddy, mtoto wa dada yangu. Mwaka wa pili, ziwa lilikuwa limepanda, limekula sehemu ya kuanikia, na tulikuwa tunahamisha miti na nyavu kwenda juu. Mwaka wa tatu, mchungaji wetu alifiwa. Mwaka wa nne, wageni wa kanisa kutoka Uvira, siku tano, wanakula kama watu waliotembea kwa miguu. Mwaka wa tano ilikuwa mimi. Nilibeba gunia la muhogo, mgongo ukakataa. Nililala wiki mbili. Alikaa pembeni yangu akinikanda kwa mafuta ya mawese, na mlangoni mwezi ulikuwa mzima, na ziwa limetulia kama maji ya beseni.

"Uende na Arlette," nikamwambia.

"Na Arlette ni safari. Na wewe ndiyo vakansi."

Alikuwa na kaye moja, daftari la shule, yenye bic ya kuandikia imefungwa kwa uzi. Ndani aliandika vitu vya kubeba. Kila mwaka, mwezi wa nane ukiisha, alinisomea. Mi nilikuwa nasikiliza na kushona nyavu. Nilijua orodha ile kwa kichwa kama wimbo, lakini niliiona kama wimbo pia. Kitu cha kuimba.

Noeli iliyopita alisema, "Mwaka huu, hata chifu akufe siku ile ile, batanitafuta."

Mwezi wa pili alishikwa na homa na kifua. Siku nne. Alizikwa siku za mwezi. Wavuvi wote walikuwepo.

Tangu hapo nilikuwa nakaa kwenye lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu, pale alipokuwa anaanika, natazama Kisiwa. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Nilikuwa sitaki kitu. Chakula Arlette alileta, nilikula kwa sababu alikuwa anasimama mpaka nimalize. Mwezi wa saba watoto walipita wakiimba.

Basi nikajua ninachotaka. Nilitaka kwenda ile vakansi. Mwezi wa tisa, siku tatu, kama alivyopanga. Mgongo wangu ulikuwa unanionya kila asubuhi kwamba mwaka mwingine nisiutegemee.

Lakini kulikuwa na kizuizi. Katika ukoo wa bibi yangu, mwanaume aliyefiwa halali nje ya lupango lake hata usiku mmoja mpaka wakwe wamfungue. Wanakuja, wanamnyoa ndevu, wanamwaga maji mlangoni, wanasema: nenda utakako. Kabla ya hapo, ndevu zinaota na yeye anakaa. Na haombi. Hilo ndilo kubwa. Mwanaume anangoja wakwe wenyewe wapange siku. Anayeomba kufunguliwa, watu wanajua kuna mwanamke mahali ameshaiweka sufuria yake motoni.

Mi ningengoja. Ila wakwe walikuwa wamesema mwezi wa kumi na mbili.

Nilikuwa bado nafikiri nitafanyaje wakati Déo alinimalizia kazi. Déogratias ana mtumbwi wa mota, anapita Kisiwani mara nyingi. Alifika pwani asubuhi, mabeseni yote yako pale, bamama wote wako pale, akapaza sauti.

"Baba Arlette! Mama Concilie wa Kisiwani anakusalimia. Anasema nyumba yako imefagiliwa. Anauliza utafika lini."

Bamama waliinua vichwa. Halafu mmoja akasema, "Nyumba yake? Kumbe."

"Na ndevu hazijanyolewa."

"Mumuache muzee. Baridi ni baridi."

"Baridi gani mwezi wa nane?"

Walicheka mpaka mmoja akaweka beseni chini.

Concilie nilimjua. Ni mama wa Burundi, mjane, alikuja na wakimbizi miaka ya nyuma, akakaa kambini kwanza, halafu chifu akampa shamba kule Kisiwani. Alikuwa anakuja Lweba na muhogo, anarudi na ndakala. Alikuwa rafiki wa bibi yangu. Kwenye kilio alikuja, akasimama nyuma ya watu. Aliniambia jambo juu ya kiti. Nikafikiri anatafuta mahali pa kukaa, nikamwonyesha benchi. Alinitazama, akakaa kidogo, akaenda.

Nyumba yangu ya Kisiwani sikuijua. Nilitaka kuwaambia bamama hivyo. Lakini mi maneno yangu yanachelewa. Yalipofika, wao walikuwa wameshaondoka na mabeseni yao.

Jioni ile Arlette alikuja bila chakula.

"Baba, ni kweli?"

"Nini?"

"Mama wa Kisiwani."

"Si kweli."

"Basi anafagia ya nini?"

"Sijui."

Alikaa. Alifanana na mama yake akikaa hivyo, mikono juu ya magoti, kama anayesubiri samaki wakauke. Nikamwambia habari ya vakansi. Nilimwambia yote.

"Uende Fizi," akasema. "Kwa mujomba Placide. Useme mwenyewe. Na ubebe kaye ya mama."

Placide ni kaka wa bibi yangu, mdogo wake. Alikuwa karani katika bureau, ofisi ya serikali, kule Fizi miaka mingi, sasa amepumzika, na ndiye mkubwa wa ukoo. Akisema ndevu zikae, zinakaa. Nilitoka na piki mpaka mjini Baraka, na piki nyingine kupanda milima. Kurudi ilibidi iwe siku hiyo hiyo, sababu sikuruhusiwa kulala nje. Nilifika na vumbi mpaka kwenye meno.

Alikuwa amekaa barazani, redio magotini.

"Shemeji, karibu. Habari yako ilipanda piki ya mbele."

"Habari gani?"

"Umekuja kuomba ndevu."

Nilikaa. Bibi yake alileta maji, akarudi jikoni, na kinu kikaendelea kulia.

"Dada yangu ana miezi sita kaburini," Placide akasema. "Sita. Mi nilisema Noeli tutashuka wote, ndugu zetu wa Kilembwe pia. Kuna nini cha haraka?"

"Noeli kuna mvua."

"Mvua na ndevu bilijuana wapi?"

"Nataka kwenda Kisiwani. Mwezi wa tisa. Siku tatu."

"Kwa yule mama."

"Kisiwani."

"Kule anakaa nani?"

"Watu."

"Watu iko na majina, shemeji. Taja."

"Concilie."

Kinu kilinyamaza jikoni.

Placide alizima redio. Si kwa hasira. Alifanya polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. "Baba Arlette, ulikaa na dada yangu vizuri. Hakuna mtu wa kwetu atasema vingine. Ukitaka mwanamuke, ni haki yako. Lakini ungoje akauke kwenye kaburi. Usiniombe mi nikunyoe juu yake."

Hapo ningetakiwa kusema mengi. Nilitoa kaye kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka juu ya redio.

"Soma."

"Ni nini?"

"Soma tu. Mi sijui."

Alivaa miwani. Aliisogeza kaye mbali, akaileta karibu.

"'Vakansi.'" Alinitazama juu ya miwani. "Vakansi?"

"Endelea."

Alisoma kwa sauti ya bureau, kama anayeita majina ya watu kwenye foleni.

"'Siku tatu. Mwezi wa tisa, mwezi ukijaa. Unga wa muhogo, debe nusu. Maharagi. Samaki hapana. Mafuta. Sabuni mbili, moja ya nguo, moja ya mwili. Musikitero ya mbu. Dawa ya mugongo. Sukari kilo moja ya chifu wa Kisiwa, tusifike mikono mitupu. Gilet mbili za kuelea. Baba Arlette atasema anajua kuogelea. Avae. Nguo ya kanisa, hata kama hakuna kanisa. Baba Arlette asiulize tunarudi saa ngapi.'"

Alifika mwisho wa ukurasa. Midomo yake ilikuwa inataka kucheka, ikajizuia.

"Samaki hapana," akasema.

"Alisema haendi kule kuonana nao."

"Ni yeye. Ni yeye kabisa." Halafu sauti ya bureau ikarudi. "Lakini shemeji, hii haisemi kitu juu ya yule mama."

Akageuza ukurasa. Mi sikuwahi kusomewa upande ule. Nilifikiri ni mambo ya samaki.

Hakusoma kwa sauti ya bureau tena. Alisoma chini chini, ikanibidi kuinama.

"'Bitu bile bimeisha kwenda. Mwezi wa harusi ya Eddy: mukeka mukubwa. Concilie amepokea. Mwezi wa kuhamisha nyavu: sufuria na kifuniko. Concilie amepokea. Mwezi wa kilio ya pasta: bikombe mbili. Mwezi wa wageni wa Uvira: blanketi. Concilie anasema atatupa ile nyumba ya mahindi, atafagia.'"

Aliacha kusoma.

"Kuna ingine?" nikauliza.

"Iko. 'Mwezi wa mugongo: kiti ya Baba Arlette, yenye kuegemea. Fundi Darius ametengeneza, Déo amepeleka. Baba Arlette asiambiwe. Atasema tunapeleka bitu mahali hatuko.'"

Ni kweli ningesema hivyo. Ningesema maneno hayo hayo.

Placide alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, mchi mkononi. Kuku alipita katikati yetu.

Miaka mitano niliona mwezi unapita na nikafikiri umepita bure. Kumbe kila mwezi uliomnyima safari, yeye alitanguliza kitu kimoja. Alikuwa anakwenda kidogo kidogo.

"Mwezi unajaa tarehe ngapi?" Placide akauliza.

"Siku kumi na mbili kutoka leo."

"Watu wa Kilembwe hawatafika."

"Najua."

"Batanisema."

"Najua."

Akanirudishia kaye. Hakuitupa mkononi. Aliikunja mwenyewe kwenye plastiki yake, pembe kwa pembe.

"Nitashuka na mama huyu na watoto wawili," akasema. "Tutakufungua asubuhi mapema, jua lisikukute uko nchi kavu. Lakini sikia, shemeji. Ukirudi na mwanamuke kutoka kule, nitakuja Lweba kuzirudisha zile ndevu moja moja."

"Na gundi utaleta?"

"Gundi ya bureau. Haitoke."

Bibi yake alicheka, akarudi jikoni. Kinu kikaanza tena.

Walishuka siku moja kabla. Asubuhi Placide alininyoa kwa wembe mpya, akanikata mahali pawili. Alimwaga maji mlangoni. Alisema, "Nenda utakako." Bamama wa pwani walikuja kutazama. Yule aliyesema baridi ni baridi alileta maharagi, kopo tatu, akayaweka kwenye mfuko wangu bila kuniangalia usoni. Placide alikuwa amewasomea kaye, nafikiri. Sikuuliza.

Nilifunga mizigo kama kaye ilivyosema, Arlette akisoma. Nusu debe ya unga, ambayo ni ya watu wawili. Sabuni mbili. Gilet mbili. Arlette alisoma "nguo ya kanisa". Nikaenda kwa jirani. Bado ilikuwa pale, imekunjwa, haina moshi.

"Baba, mi naweza kuja na wewe," Arlette akasema.

"Ungekuja ingekuwa safari."

Alielewa. Alikuwa ameshasikia mama yake akisema hivyo.

Déo alikuja na mtumbwi mweupe wa mota. Nilivaa gilet. Ninajua kuogelea. Nilivaa. Ile ya pili niliilaza kwenye ubao pembeni yangu. Tulipofika kwenye kina, upepo kidogo ulikuja, ikaanza kuinuka. Déo aliacha mota kidogo, akaja, akaifunga kamba kwenye ubao ili isiende.

Ziwa lilikuwa limetulia kama alivyosema litakuwa.

Nilitoa sukari kwa chifu. Alipokea kwa mikono miwili, akasema alikuwa anatungoja tangu mwaka wa harusi. Concilie alikuja pwani, akafuta mikono kwa kitenge.

"Karibu, Baba Arlette. Nilikuambia siku ile, kiti yako iko. Ukanionyesha benchi."

"Nilikosea."

"Ulikuwa na kilio. Njoo."

Nyumba ilikuwa ile ya mahindi, chumba kimoja, udongo mpya ukutani. Mkeka. Blanketi juu ya kamba. Sufuria, kifuniko, vikombe viwili vimefunikwa kitambaa. Na kiti. Mkono wa Darius ninaujua, ni yeye aliyetengeneza milango yangu. Egemeo lilikuwa limenyooka mpaka mabegani. Nilikaa. Mgongo ulifika mahali pake, ukanyamaza.

"Cha kwake kiko wapi?" nikauliza.

"Hakutaka. Alisema yeye atalala kwenye mukeka na kunyoosha miguu. Alisema, mi nimesimama maisha yote."

Concilie aliniwashia moto, akaniachia. Maharagi yalipoiva niliyaonja. Nikayaonja tena. Nikatafuta kwenye mfuko, nikatoa kila kitu, nikapanga kwenye mkeka. Nikamwita.

"Chumvi hakuna."

"Kaye haikusema?"

Tulitazama kaye pamoja, mi kama anayejua kusoma. Yeye anasoma kidogo. Alipita kila mstari kwa kidole, kurasa zote mbili. Chumvi haikuandikwa.

Mama Arlette hakusahau kitu hata kimoja miaka arobaini. Lakini mtu wa samaki ataandika chumvi ya nini? Ilikuwa kwenye mikono yake, kwenye kucha, kwenye nguo. Chumvi kwetu ilikuwa kama ukuta. Hubebi ukuta.

Concilie alicheka, akaziba mdomo. "Mama Arlette. Chumvi." Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Halafu nikasema naenda kuangalia maji. Nilikaa kule mpaka maharagi yakapoa.

Alinipa pakiti yake ya chumvi. Nilikula.

Asubuhi ya pili nilivaa shati safi, nikatoa mkeka na kiti nje. Nguo ya kanisa ya Mama Arlette niliitandika juu ya mkeka, pembeni ya kiti. Nikageuza kiti kielekee Lweba.

Jua lilikuwa nyuma yangu, linapiga kule. Kwanza unaona mabati, yanawaka moja moja. Halafu miti ya mawese, mstari. Halafu milima, kubwa kuliko ninavyoijua, kwa sababu ukiwa chini yake huioni. Moshi wa majiko unapanda kwa nyuzi nyembamba, nyeupe, unakutana juu na kuwa kitu kimoja. Haunuki. Hauchomi macho. Nilihesabu nyuzi kutoka kanisani kwenda kusini, nikafika mahali petu. Pale hapakuwa na uzi. Palikuwa na nafasi, upana wa ukucha.

"Ni muzuri," nikasema kwa sauti.

Nilingoja kidogo, kwa mazoea.

"Ulisema kweli. Ni muzuri."

Siku zile mbili nilikaa. Sikufanya kitu. Ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri, mikono inatafuta nyavu. Nililala mchana. Nilinyoosha miguu kwenye mkeka, upande wa pili wa nguo. Concilie alipita, akasalimia kwa mbali, hakuingia. Sikumuuliza mtu saa ya kurudi.

Siku ya tatu Déo alifika, akavuta mtumbwi mchangani.

"Baba, twende? Kiti tunabeba?"

"Kiache."

"Na sufuria?"

"Acha. Vyote. Mwezi wa tisa si utarudi?"

"Utarudi."

"Basi."

Alinikuta na kaye magotini, na ile pakiti ya chumvi nimeiegemeza kwenye kikombe. Kwenye pakiti neno limeandikwa kwa herufi kubwa. Concilie alinionyesha ni lipi. Nilikuwa nimeshika bic ya Mama Arlette yenye uzi, na nimefika herufi ya tatu. Ile herufi ina miguu kama benchi lililopinduliwa.

Déo alisimama juu yangu, kivuli chake kikaingia kwenye ukurasa.

"Muzee, unaandika?"

"Sogea, unaniziba. Naongeza kitu alichosahau."